Mpitisheni Mbele ya Meza Yangu

Taiping, 9 Septemba 1987

Mwanangu Siew Imm,

Pokea salamu zangu mimi baba yako mdogo, fundi wa karatasi ambaye Perak nzima haijazaa wa pili wake. Huku tu wazima. Mvua ya Taiping unaijua, inaingia ndani bila hodi. Mama yako mdogo anakusalimu, na anataka kujua kama huko Singapore unakula peke yako au upande wa pili wa meza kuna mtu. Nimemkataza kukuuliza, ndiyo maana nakuuliza mimi.

Kazi imenielemea. Mwezi wa mizimu haujaisha na kila mwenye marehemu anataka amchomee nyumba, farasi, hata televisheni, vyote vya karatasi, vimfikie huko aliko. Juzi nilimtengenezea mjane mmoja wa Kamunting gari la karatasi la kumchomea mumewe. Nikaliegesha nje gundi ikauke. Kurudi, nakuta polisi ameshalibandika faini kwa kuegesha vibaya. Mjane akalichoma na faini yake, kwa hiyo huko aliko mzee atailipa mwenyewe. Usicheke, mashahidi wapo.

Sasa sikiliza jambo lililonishikisha kalamu, maana unajua mimi na kalamu hatuna undugu, shule niliiacha darasa la nne. Bibi yako ameanza kudhoofika. Hana ugonjwa wenye jina, ila chakula anakionja tu. Wiki iliyopita mvua ilinyesha, akawa anakisugua kile kiwiko chake cha kushoto chenye kovu, kama kawaida yake. Akasema, "Eng Keat, makaburi ya ukoo wa Quah, ukoo wa baba yako, nimeyafagia tangu sijavunja ungo. La mama yangu sijawahi kuling'olea hata jani moja. Sijui liko wapi. Sikukuu ya makaburi ijayo, Cheng Beng, nataka nilifagie, halafu mkitaka kunizika nizikeni."

Unajua aliletwa katika nyumba yetu akiwa mtoto wa miaka mitano, alelewe pamoja na babu yako mpaka wafikie kuoana. Zamani ilikuwa hivyo. Tangu siku hiyo hakumwona tena mama yake. Anachokumbuka ni kidogo: mama aliitwa Ong Chye Hoon, alizaliwa mwaka wa Sungura katika mzunguko wetu wa wanyama kumi na wawili, alikuwa akiuza keki za mchele hapa Taiping, na kulikuwa na kaka wawili, Hock na Seng, wa ukoo wa baba yao, Teoh. Yeye mwenyewe kwao aliitwa Gek Lan.

Wewe unafanya kazi maktaba, na umewahi kuniambia kuwa magazeti ya Kichina ya zamani, ya Penang na kwingineko, yote mmeyahifadhi. Watu wetu mtu akifa hutoa tangazo gazetini, na watoto hupangwa humo mmoja mmoja. Litafute. Mimi najua Teoh hao walikuwa watu wakubwa, wenye migodi ya bati na tembo wa kubebea. Damu yangu inaniambia.

Anayekutegemea,
Chek Eng Keat


Singapore, 4 Oktoba 1987

Kwako Chek, baba yangu mdogo,

Nimefurahi kupata barua yako, na faini ya yule marehemu nimewasimulia wenzangu kazini. Mimi ni mzima. Joto ni kali, kazi ni ile ile. Msalimie sana mama mdogo, mwambie meza yangu ina miguu minne na inatosha.

Magazeti hayo hayafunuliwi kwa mkono, Chek. Yamepigwa picha kwenye mikanda ya filamu, unauweka mkanda kwenye mashine na kuzungusha kishikio, kurasa zinapita kama mto. Baada ya saa za kazi mkuu wangu ananiruhusu kubaki. Matangazo ya misiba ni mengi kuliko nilivyodhani, na yanavuta. Mtu unatafuta mmoja unajikuta umewazika mia.

Nimempata Ong Chye Hoon mmoja. Ninakuwekea nakala humu. Alifariki Kuala Kangsar mwaka 1939, akazikwa kwenye kilima cha makaburi ya Wahokkien wenzetu huko huko. Alikuwa mjane wa Teoh. Watoto wake ni Bun Hock na Bun Seng, wameandikwa pamoja na wake zao na mjukuu mmoja. Lakini tangazo linasema alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nikihesabu kurudi nyuma nafika mwaka wa Panya, si Sungura. Bibi hawezi kukosea mnyama wa mama yake. Tena humo binti hayumo kabisa. Basi nimeona ni majina tu yamefanana, nimemweka pembeni na ninaendelea.

Mwambie Bibi ale.

Mwanao,
Imm


Taiping, 25 Oktoba 1987

Mwanangu Imm,

Barua yako imefika, na nakala imefika. Umefanya kazi ya watu kumi. Huku tumo katika sherehe za Miungu Tisa, nakula mboga tupu mpaka nimeanza kumwonea wivu mbuzi wa jirani, maana yeye anakula karatasi zangu. Mama yako mdogo ana mafua. Amesema miguu minne ya meza siyo jibu.

Kuhusu yule mama wa Kuala Kangsar, achana naye. Umesema vizuri, Panya ni Panya na Sungura ni Sungura. Majina yanafanana sana kwetu, hapa mtaani peke yake nawajua Ah Seng sita, na mmoja ni paka. Ushauri wangu, hamia Ipoh. Matajiri wa bati walikuwa Ipoh. Tafuta tangazo kubwa, la nusu ukurasa, lenye fremu nene nyeusi. Mama wa bibi yako hawezi kuwa kwenye kitangazo cha ukubwa wa kiberiti kama hicho.

Nakala sikumsomea. Ya nini kumtia mzee matumaini ya bure. Nimeihifadhi chini ya makopo ya rangi.

Hajambo, anakula kiasi. Kila akisikia baiskeli ya tarishi ananyoosha shingo.

Chek wako


Singapore, 22 Novemba 1987

Kwako Chek,

Natumaini mafua ya mama mdogo yameisha, na mbuzi wa jirani yu hai. Mimi nimekuwa na wiki nzito. Mwenzangu wa kazini amefiwa na baba yake, tulikwenda msibani kukesha naye.

Ipoh nimeitafuta yote. Fremu nene nyeusi nimeziona, hakuna Ong Chye Hoon.

Ila huko msibani niliona kitu. Mlangoni walikuwa wametundika taa nyeupe ya karatasi yenye jina la ukoo upande mmoja na umri wa marehemu upande wa pili. Taa ilisema sabini na tisa. Nikamwambia mwenzangu, mbona uliniambia mzee ana sabini na sita? Akanitazama kama niliyeanguka kutoka mwezini. Akasema, "Kwani kwenu hamuongezi? Mtu akifa anaongezewa mitatu. Mmoja wa mbingu, mmoja wa ardhi, mmoja wa binadamu. Kwenye taa, kwenye tangazo, kwenye jiwe."

Toa mitatu kwenye hamsini na miwili, Chek. Unapata Sungura.

Mimi niliondoka nyumbani mdogo, na baba alipokufa sikuwa na akili ya kuangalia taa. Nina udhuru. Lakini Taiping nzima taa za misiba anaziandika nani? Tangu nikiwa mtoto nakukumbuka umekaa kwenye kigoda na brashi, unauliza wafiwa, "Miaka mingapi?" halafu unaandika bila kufikiri. Wewe ndiye unayeongeza hiyo mitatu. Ulipoisoma nakala yangu ulijua kabla hujafika mwisho wa mstari.

Nimezungusha mashine wiki tatu kutafuta Ipoh kitu ulichokuwa nacho chini ya makopo ya rangi. Nataka kujua kwa nini.

Imm


Taiping, 27 Desemba 1987

Mwanangu Imm,

Nimechelewa kujibu. Kazi zilikuwa nyingi, kisha wino uliganda, kisha kulikuwa na mafuriko, yaani karibu yawe mafuriko. Mama yako mdogo amepona. Tumepika mipira ya unga ya sikukuu ya majira ya baridi, bibi yako amekula miwili. Mtoto wa Ah Seng, siyo yule paka, ameoa.

Haya. Nilijua.

Usidhani nilisahau kazi yangu. Macho yangu yalipogonga hamsini na mbili mkono uliandika arobaini na tisa hewani wenyewe. Nikasema, huyu ndiye. Nikaruka kwenye kigoda, karibu niivunje nyumba ya karatasi ya ghorofa tatu ya marehemu Bwana Chuah. Nikaenda mbio mlangoni kumwita Mama. Nikawa nasoma huku natembea.

Wewe ulisema binti hayumo, ukapita. Mimi nilisimama hapo hapo. Wana wawili wapo. Wakwe wapo. Mjukuu yupo, aliyekuwa hata hajaota meno. Mwishoni kabisa kuna hata mtoto wa kupanga, mtoto wa watu, mwenye jina na ukoo wake. Gek Lan hayupo.

Wewe umesoma, niambie. Nimsomee mama yangu mzazi tangazo linaloonyesha kwamba watoto wa mama yake walihesabiwa na yeye hakuhesabiwa? Mtu ambaye miaka yote hii anasugua kovu kwa sababu aliunguzwa na mvuke wa sufuria ya mama yake, na hana ukumbusho mwingine kutoka kwake? Ningejipa kazi ya kuandika taa ya msiba wake mlangoni pangu mwenyewe.

Kwa hiyo nilikutuma Ipoh. Watu nimewaficha mambo makubwa kuliko hayo, siku za Wajapani, wakati wa vita, nilimficha nguruwe mzima ndani ya farasi wa karatasi, nami nilikuwa mtoto. Hili nimeshindwa hata kulifunika vizuri.

Kila tarishi akipita Mama ananiuliza, "Imm ameandika?" Mimi nasema bado. Sasa umeshaandika mara mbili na bado ni bado. Tafuta kitu kingine, mwanangu. Usiniulize kitu gani.

Chek


Singapore, 31 Januari 1988

Kwako Chek,

Nilikasirika, nikaisoma barua yako mara ya pili, hasira ikaondoka. Hatutazungumza tena habari ya Ipoh. Nguruwe ndani ya farasi nitamuuliza Bibi.

Baada ya barua yako nilikaa mbele ya mashine bila kujua nitafute nini. Mimi nilikuwa nikisoma misiba tu, kama kwamba watu hutangaza kufa peke yake. Nikaanza kusoma matangazo yote. Chek, ungeyapenda. Mume anatangaza kwamba mke wake amekimbia na saa ya ukutani, na atakayemwona amrudishie saa tu. Mtu anabadili jina kwa sababu jina la zamani halina bahati. Mwenye duka anamkana mpwa wake. Nyati amepotea, ana pembe moja, anajibu akiitwa. Nilianzia mwaka ambao Bibi alitolewa, nikawa nakuja mbele mwezi kwa mwezi.

Mei 1930. Chini ya nyati. Nimelinakili kwa mkono wangu, na picha yake nimeiweka ndani ya bahasha hii:

"Mimi Ong Chye Hoon, mjane, muuza keki za mchele karibu na soko la Taiping, namtafuta binti yangu Gek Lan, sasa ana miaka kumi na minne, ana kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Alipelekwa kwa watu akiwa na miaka mitano, na waliokuwa kati ya mambo hayo wamekufa au hawasemi. Simtaki arudi. Sitadai kitu. Waliomchukua wamlete nimwone. Kama hawataki niseme naye, mpitisheni tu mbele ya meza yangu, nami nitanyamaza."

Limetoka tena siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Muuza keki, Chek. Hapakuwa na tembo.

Msomee. Yote mawili. Anza na la msiba, usilirukie. Ukimsomea hili peke yake atauliza habari ya kifo cha mama yake, nawe utaanza kupiga chuku, na yeye anakujua.

Cheng Beng nitakuja. Sitakuja peke yangu. Mwambie mama mdogo hilo ndilo jibu.

Imm


Taiping, 24 Februari 1988

Mwanangu Imm,

Heri ya mwaka wa Joka. Machungwa uliyotuma yamefika, mawili yaliliwa njiani na tarishi, nimeona maganda kwenye baiskeli yake. Mama yako mdogo tangu asome ule mstari wako wa mwisho anapiga deki hata dari.

Nimesoma. Nilingoja sikukuu iishe, nisije nikaingiza msiba kwenye mwaka mpya. Bibi yako alikuwa barazani anakunja karatasi za dhahabu za kuchoma. Nikamwambia, Mama, Imm ameandika. Akasema, "Ameandika tangu mwezi wa kumi. Unadhani tarishi hana mdomo?"

Nikaanza na la msiba kama ulivyoniamuru. Sikuongeza neno, mimi, Eng Keat. Mikono yake haikuacha kukunja. Nilipomaliza akauliza, "Majina yameisha?" Nikasema yameisha. "Soma tena, taratibu." Nikasoma tena. Akasema, "Hock yupo. Seng yupo. Wake zao wapo." Kisha akachukua karatasi nyingine, akaikunja, na ile ikaja upande.

Mimi nikaanza kubabaika, kwamba pengine mpiga chapa alikosea, kwamba pengine nafasi ilijaa. Akanikata kauli. "Acha. Aliyetolewa haandikwi, mbona hilo linajulikana. Walioandika ni kaka zangu. Maiti haandiki tangazo lake."

Nikamwambia lipo jingine, na hili ameandika mwenyewe.

Nilisoma kwa sauti niliyonayo ya mazishini. Nilipofika kwenye kovu alipandisha mkono wa blauzi, akakitazama kiwiko kama mtu aliyeambiwa aonyeshe tiketi. Nilipofika kwenye meza aliinua mkono nisimame. Mvua ikaingia barazani, hakuna aliyeondoa karatasi.

Halafu akauliza, "Mwaka gani huo?" Nikamwambia elfu moja mia tisa na thelathini, mwezi wa tano.

Akasema, "Mwaka huo ndio tuliohamia Bagan Serai. Mama mkwe alisema hewa ya Taiping ni mbaya kwa kifua chake. Mizigo niliifunga mimi. Nilifurahi, nilikuwa sijawahi kupanda treni."

Imm, mama mkwe huyo ni bibi yangu mimi. Picha yake iko juu ya madhabahu, na kila asubuhi namchomea vijiti vitatu vya udi. Niligeuka nikaitazama. Nikauliza, Mama, kesho nimchomee au nisimchomee? Akaokota karatasi moja iliyolowa.

"Mchomee. Alinilea. Ila kesho kimoja."

Jioni alikula bakuli zima, akaomba na ukoko. Tunakungoja. Wewe na jibu lako.

Chek Eng Keat


Taiping, 15 Aprili 1988

Mwanangu Imm,

Natumaini mlifika salama, wewe na Selvam. Mama yako mdogo alikuwa na maswali yake kuhusu kijana wa Kitamil, lakini tangu aone alivyofyeka ule msitu wa makaburini Kuala Kangsar, maswali yamebaki mawili tu. Bibi yako yeye amesema, "Anakula vizuri," na kwake hicho ndicho cheti. Mimi nimeshawaambia jirani zangu kwamba kijana alifyeka kilima kizima na chui wawili wakakimbia. Msinikanushe.

Jiwe la kaburi ulilisoma mwenyewe. Uliona nilivyolipaka rangi herufi zake, hakuna mkono mwingine Perak hii unaoweza. Kitu ambacho hukusikia, maana mlikuwa mmeteremka kuchota maji, ni kwamba nilimwambia Mama, rangi bado ipo, chini ya Hock na Seng pana nafasi, nikuandike? Nani ataniuliza? Alikuwa anapanga keki zile za mchele alizopika mwenyewe, juu ya ile meza ndogo mliyobeba. Akasema hapana. "Jiwe hili ni la kaka zangu. Mama aliniandikia gazetini. Nitamjibu huko huko."

Nikadhani ni maneno ya makaburini. Wiki iliyofuata akavaa viatu vya sikukuu, akanipeleka ofisi ya wakala wa gazeti kama mtoto anayepelekwa shule. Karani kijana, kalamu mkononi, akauliza tangazo la msiba au la harusi. Bibi yako akamwambia ni la majibu. Karani akauliza marehemu ana miaka mingapi. Nami, mkono ulivyozoea, nikasema sabini na mitano.

Nilipigwa mpini wa mwavuli mbele za watu. "Sabini na miwili," akamwambia karani. "Huyu ananiongezea mitatu na mimi nimesimama hapa. Andika sabini na miwili, mtoto wangu, mama yangu asinitafute kwa hesabu ya wafu."

Gazeti nimekukatia kipande, kimo humu. Kiweke mahali unapoweka vitu, huko kwenye mikanda yenu, kwenye mwezi wake. Mtu akija kututafuta, atukute tuko wote.

Baba yako mdogo,
Quah Eng Keat

(Kipande cha gazeti)

"Kwa Ong Chye Hoon, muuza keki za mchele, Taiping. Tangazo lako la mwezi wa tano, 1930, nimelipata. Hakuna aliyeniambia. Mimi binti yako Gek Lan, miaka sabini na miwili, nina wana, wakwe na wajukuu, nimepita mbele ya meza yako siku ya Cheng Beng. Kovu lipo. Sikunyamaza, nawe usinyamaze."